Wapangaji Kumi na Watatu wa Odelia

Taulo lililoning'inia nyuma ya jiko lilikuwa limeganda. Si baridi tu. Lilikuwa gumu kama ubao, na jiko lenyewe lilikuwa likiwaka tangu alfajiri, birika linachemka juu yake. Leota Kessler alilishika kwa vidole viwili akaligonga kwenye ukingo wa meza, likatoa mlio. Ndipo akaona lilivyochafuliwa: alama za mikono mikubwa yenye masizi, moja juu ya nyingine, mikono mingi kuliko iliyokuwamo ndani ya nyumba.

Wapangaji wake walikuwa wawili, wote watu wa treni. Mzee Ferris alikuwa dereva wa injini aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Gaylord alikuwa mtu wa breki, mnene, mwingi wa maneno. Leota alimtwika Gaylord lawama zote, maana ndiye aliyezoea kutwikwa.

"Mama Kessler," Gaylord akasema, mdomo umejaa mayai, "mimi siku nikinawa mikono kiasi hicho, marehemu mama yangu atafufuka aje ashuhudie."

Wakacheka. Leota akaliweka taulo karibu na moto liyeyuke. Maji yaliyodondoka yalikuwa meusi, yananuka moshi wa makaa ya mawe. Kwenye reli ile injini ya makaa haikuwa imepita kwa miaka miwili.

Odelia ni mji uliowekwa na reli, na hilo halina haja ya kupambwa. Hapakuwa na mto pale, wala kilima, wala sababu. Injini za zamani zilitaka maji kila baada ya mwendo fulani, basi kampuni ikachimba kisima katikati ya nyika ya Nebraska, ikasimamisha tangi, ikaupa mji jina la binti wa mkubwa wake mmoja, ambaye hakuwahi hata kushuka kwenye behewa akaukanyaga. Mwaka 1910 watu walikuwa elfu moja na mia moja, na hoteli mbili, na bendi ya tarumbeta. Mwaka 1930 walikuwa mia sita. Kisha zikaja injini za dizeli, zisizokunywa maji, tangi likabomolewa, na watu wakaanza kuondoka. Kila aliyeondoka aliagwa kwa pai na nyimbo, na kila aliyebaki aliapa kwamba yeye haondoki, mpaka siku aliyoondoka.

Majira ya kuchipua ya 1950 tume ya reli ya jimbo ikatoa neno: mji wenye watu chini ya mia tatu, kampuni ina ruhusa ya kufunga kituo, na treni ipite bila kusimama. Mji ambamo treni haisimami ni shamba la mahindi lenye kanisa. Kila mtu alilijua hilo, na Leota alilijua kuliko wote, kwa sababu nyumba yake ilitazamana na kituo na riziki yake ilishuka kwenye treni. Mumewe alikufa akamwachia vyumba saba vya kupangisha na jiko moja. Hakuwa na kingine.

Na mwaka huo yeye ndiye aliyekuwa karani wa sensa. Alikula kiapo, mkono juu ya Biblia, kwamba ataandika anachokiona. Alizunguka wiki tatu kwa miguu. Merle Haskett, mwenye ghala la nafaka na mwenyekiti wa mji, alimwambia amhesabu na nyumbu wake, kwa kuwa ana akili kuliko nusu ya baraza. Leota akamjibu kwamba nusu ya baraza ameiandika kwa shingo upande, na nyumbu asubiri zamu. Alipomaliza alipata watu mia mbili themanini na saba. Alirudia hesabu mara tatu, ikakaa hapo hapo. Akazitia karatasi kwenye bahasha, akaifunga, akampelekea mdogo wake Orval aisafirishe.

Orval Dunning alikuwa stesheni masta, kama baba yao na kama babu yao, aliyekifungua kituo kile. Leota alimlea tangu mama yao alipofariki. Alimpa bahasha dirishani, wakaongea kidogo habari za mgongo wa mkewe, Wilda, akaenda zake. Nani anamwomba ndugu yake risiti?

Jumapili moja baada ya hapo Merle akasimama kanisani mwisho wa ibada akatangaza kwamba hesabu ya mwanzo imetoka: Odelia ina watu mia tatu kamili. Watu walipiga makofi, na hawana desturi ya kupiga makofi kanisani. Leota alimfuata Orval uani akamwuliza watu kumi na watatu wametoka wapi. Orval akamweleza kwamba ofisi kuu huwaongeza wenyeji waliokuwa safarini siku ya kuhesabiwa. Alieleza taratibu, akimtazama usoni. Leota akamwamini. Taulo liliganda Jumanne iliyofuata.

Jumatano alipanda juu kutandika vyumba ambavyo havikuwa na mtu. Vitanda vilikuwa vimelaliwa. Mashuka yalikuwa yamelowa, katikati ya kila godoro pana shimo la mwili, na kwenye mito pana chembe za makaa. Chumba kilinuka sufu iliyolowa, na chini ya sufu harufu nyingine, ya jasho la mtu mwenye homa ambaye hajaoshwa. Alifungua madirisha yote. Jua lilikuwa limewaka, ndege wanalia kwenye nyaya za simu, na bado pumzi yake ilitoka mdomoni ikiwa mvuke.

Wageni wale hawakungoja giza. Alhamisi saa sita mchana Leota alikuwa amepakua mchuzi wa nyama na viazi kwa Ferris na Gaylord, na alikuwa amesimama na kijiko mkononi akimsikiliza Gaylord akimsema kondakta mmoja, aliposikia kitanda kikilia juu ya vichwa vyao, kisha cha pili, kisha vyote kwa pamoja, na miguu ikashuka sakafuni, miguu yenye buti nzito, ikatoka vyumbani ikakutana ukumbini ikaanza kuteremka ngazi bila haraka, kama watu waliosikia wameitwa kula na wanaojua nafasi zao mezani, ngazi baada ya ngazi, na kila ngazi ikilia kwa uzito wa mtu na kisha wa mwingine na wa mwingine, na baridi ikawatangulia ikaingia jikoni kama maji yanavyoingia chini ya mlango, mpaka mafuta ya mchuzi yakaganda meupe juu ya sahani na kijiko kikanata kwenye kiganja cha Leota, na ngoma ile ya buti ikafika chini, ikazunguka meza, ikasimama nyuma ya viti, ikawa kimya.

Hapakuwa na mtu.

Gaylord aliiacha habari ya kondakta katikati, akainuka. Alifungasha mzigo wake akaondoka na treni ya saa nane. Ferris alibaki mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, nimevuta watu na mizigo miaka arobaini," akasema taratibu. "Najua sakafu inavyolia. Wale ni wanaume wazima, na wamezidi kumi."

"Usiniache na hao, Ferris."

"Nisamehe, mama. Mimi nitalala kituo cha mbele."

Leota akaiendea simu. Laini ilikuwa moja kwa nyumba kumi na nne, na ukimpigia mtu mmoja utasikia wengine wakiinua mikono ya simu wakusikilize, tik, tik, na sauti ikififia kila anapoongezeka msikilizaji. Alizoea. Alipompata Orval alianza kumweleza, akasikia tik ya kwanza, ya yule mjane wa posta, kisha ya pili, ya Merle. Kisha zikaongezeka, tatu, nne, tano, akazihesabu bila kutaka mpaka zikafika kumi na tatu juu ya zile mbili, na sauti ya Orval ikawa ya mdudu ndani ya chupa, halafu haikusikika tena. Badala yake mtu mmoja akaanza kuita majina, kwa sauti ya nyapara anayeita vibarua asubuhi. Mancuso, akaita, na mwingine akaitika. Talarico. Akaitika. Majina ya ng'ambo, Leota hajapata kuyasikia Odelia, na kila mmoja alivyoitika, sikio lake liliuma kwa baridi. Aliikata simu majina yalipokwisha. Hakuthubutu kabla.

Ijumaa alimwita mchungaji. Akaja, akasali sebuleni, akapanda ngazi hadi ya nne akashuka, akasema atarudi na kitabu kingine. Hakurudi.

Siku hiyo hiyo ya Ijumaa posta ilimletea bahasha kutoka ofisi ya sensa ya wilaya. Ndani mlikuwa na karatasi moja ya hesabu, ile iliyokuwa na nyumba yake, na barua fupi: wapangaji kumi na watatu wa nyumba yako hawakuandikiwa mahali walipozaliwa, karani asahihishe kwa kalamu na kurudisha haraka.

Chini ya jina lake, na la Ferris, na la Gaylord, palikuwa na mistari kumi na mitatu asiyoiandika. Mancuso, Rocco. Talarico, Saverio. Wote wanaume, wote vibarua wa njia ya reli, wote wapangaji wa Kessler. Mwandiko ulikuwa wake. Yaani uliigwa ukapatikana, hata ule mkia wa herufi anaouvuta akichoka. Alijua watu wawili duniani wenye mwandiko ule, yeye na Orval, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuandika, akimshika mkono.

Alivuka njia ya reli akiwa na karatasi. Orval alikuwa peke yake ofisini. Alipoiona akakaa chini.

Hakukana. Alieleza yote, na Leota akasikiliza akiwa amesimama. Majina aliyapata kwenye daftari la kazi la babu yao. Januari ya 1888 kundi la vibarua wa Kiitalia, kumi na watatu, lilikuwa likilala ndani ya behewa la mizigo kwenye njia ya pembeni, mwendo wa nusu saa kutoka kituoni. Mmoja wao alikuwa na homa na vipele, na mji ukasema ni ndui. Ikaja dhoruba ya theluji ya siku tatu. Makaa yao yalikwisha siku ya kwanza. Wakamtuma Saverio Talarico, na yeye akafuata reli kwa mikono na magoti mpaka akafika kituoni, akagonga. Ndani palikuwa na watu wa Odelia wamezunguka jiko, na babu ndiye aliyeshika komeo. Hakulifungua. Talarico aligonga mpaka jioni. Theluji ilipotulia watu wa mji waliwakuta wote wamekufa, wakawafukia ndani ya tuta, chini ya mataruma ya njia ya pili, na babu akaiandikia kampuni kwamba vibarua wameacha kazi wenyewe na hawajulikani walikokwenda.

"Kwa hiyo hakuna karatasi inayosema wamekufa," Orval akasema. "Hakuna popote, dada. Merle alitaka majina ambayo hakuna atakayeyakuta makaburini. Hawa hawana kaburi. Tuliona ni salama."

"Mkawaandika kwangu."

"Wewe ndiye mwenye vyumba."

"Wewe una vyumba vitano, Orval. Una nyumba ya babu."

Orval akaangalia mashine yake ya telegrafu.

Jioni ile, jua lingali juu, Merle aliita mkutano ukumbini chini ya kanisa. Walikuja karibu wote. Leota alisema ukweli wote mbele yao, tangu taulo hadi tuta la reli, na hakuna aliyemcheka, ndipo akafahamu kwamba wengi waliijua ile habari tangu utotoni na wakakaa nayo. Aliomba kitu kimoja: achore mstari juu ya majina yale na kuirudisha karatasi ilivyokuwa. Alisema ile ndiyo nyumba pekee aliyonayo, na kwamba hawezi tena kuishi ndani yake.

Merle hakuwa mkali. Angekuwa mkali ingekuwa nafuu. Alisema kwa upole kwamba kila mtu anamwonea huruma Leota, kwamba akina mama watamletea chakula, kwamba sensa nyingine ni baada ya miaka kumi, na miaka kumi si mingi kwa mwanamke mwenye imani. Wakifuta majina, treni haisimami, na wote wamekwisha, naye Leota pia. Akaomba kura ya mikono: wanaotaka hesabu ibaki mia tatu.

Mkono wa mjane wa posta ulipanda. Wa mwalimu. Wa mchungaji. Wa jirani yake wa ukutani, ambaye Leota alimuuguzia mtoto usiku na mchana alipopata kifaduro. Leota alitazama mpaka mstari wa nyuma, kwa sababu Wilda alikuwa ameuinua wake tayari na Orval bado. Kisha Orval akauinua. Hakuuinua juu, aliushikilia usawa wa sikio, macho kwenye viatu, kama mwanafunzi asiye na uhakika na jibu. Lakini aliuinua.

"Mnawataka katika hesabu," Leota akasema.

"Tunawataka," Merle akajibu. "Tuelewe tu."

"Nimewaelewa."

Jumamosi saa nne asubuhi alitoka nyumbani na kalamu, wino na karatasi ile juu ya ubao wa kuandikia. Alisimama chini ya ngazi kwanza, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba wamedhulumiwa, kwamba hakuna anachoweza kuwarudishia, ila hapa si pao na hajawaita yeye. Waliowaita wapo, na anakwenda kuwaonyesha milango. Juu, vitanda vikalia. Akafungua mlango wa mbele akauacha wazi. Baridi ikapita karibu naye, bega kwa bega, kwa muda mrefu, ikateremka barabarani kwenye jua.

Alianza kwa Merle. Merle alifungua mlango akitabasamu, akaanza utani wa nyumbu, kisha tabasamu likamkauka maana mvuke ulikuwa ukimtoka mdomoni.

"Nasahihisha," Leota akasema. "Ofisi imeniagiza. Rocco Mancuso, mpangaji. Nyumba ya Haskett."

"Leota, huwezi kufanya hivyo."

"Unamtaka katika hesabu au humtaka? Nikimfuta, namfuta sasa hivi, treni na yeye. Sema."

Merle, mwenye kinywa kilichozoea kuuza nafaka, aligeuza macho kuelekea kituo. Leota akangoja kiasi cha haki, akachora mstari juu ya Kessler kando ya jina la Mancuso na kuandika Haskett. Wino ulipokauka, Merle aliruka kando, mgongo ukagonga ukuta, kama mtu anayempisha mwenye mzigo mlangoni. Buti zikaingia ndani. Zikapanda ngazi.

Akaenda kwa mchungaji, akaenda kwa mjane wa posta, akaenda kwa jirani wa ukutani ambaye alimlilia na kumwita mama, na kila mlango aliuliza swali lile lile, na hakuna hata mmoja aliyesema futa. Hilo ndilo lililomkausha moyo. Nyumba kumi na mbili, wote walijua kilichokuwa nyuma yake, wote walikuwa wakitetemeka, na wote walitaka treni.

Kwa ndugu yake alifika mwisho. Alikuwa amebaki mgeni mmoja, akitembea sambamba naye, upande wa reli, na udongo laini ulikuwa ukibonyea chini ya miguu isiyoonekana. Orval alikuwa barazani. Alikuwa ameshasikia kwa simu.

"Usimwandike hapa, dada. Nina wajukuu wanaokuja kulala."

"Sema nimfute."

Orval akafumba macho. Kituo, kofia ya kazi, babu, baba, yeye. Vyote vilimpita usoni, na Leota akaviona, maana uso ule alikuwa ameuosha kwa mkono wake tangu ukiwa mdogo. Aligundua kwamba anaomba ndani kwa ndani. Anaomba aseme. Orval angesema, yeye Leota angechora mistari kumi na mitatu pale pale, angekufa njaa na mji wote kwa furaha.

"Tu ndugu wa damu," Orval akasema. "Damu moja, Leota."

"Nilingoja useme neno lingine."

Akaandika: Saverio Talarico. Nyumba ya Dunning. Wilda, aliyekuwa akichungulia dirishani, akaliachia pazia. Upepo ulikuwa umetulia, lakini mlango wa nyumba ya babu ulifunguka wenyewe, polepole, mpaka mwisho, ukakaa wazi.

Leota hakumpa Orval bahasha safari hii. Treni ya saa nane iliposimama alitembea mpaka behewa la barua na kumkabidhi karani wa posta mkononi, akataka risiti, akaisoma. Karani alikuwa mtu wa mji mwingine, mchangamfu, hajui lolote. Alimwuliza kama ni kweli kwamba kituo kimepona. Leota akajibu kwamba ni kweli, watu mia tatu, na kila mmoja yupo alipoandikwa kuwa yupo.

"Ndiyo maana," karani akasema, akitazama juu ya bega la Leota kuelekea dirisha la ofisi ya kituo. "Naona kaka yako amepewa msaidizi."

Leota alikunja risiti akaitia mfukoni. Akavuka njia ya reli kurudi kwake, bila kugeuka.